Kaburi la ghorofa mbili pale Ewelme: huyu wa chini ni nani?

MwanafunziBaridi

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Naomba kuelimishwa jambo, na tafadhali tusianze kurushiana mawe kabla sijamaliza kueleza.

Nasoma Reading, mwaka wa pili. Jumamosi iliyopita mimi na jamaa yangu mmoja Mkenya tulipanda baiskeli kutoa uchovu wa mitihani. Tukapita Wallingford, tukaingia vijijini, tukatokea Ewelme. (Wenyewe wanatamka "Yuelm". Nilisahihishwa na mzee niliyemwuliza njia, tena mara mbili.) Kijiji kidogo, kijito kinapita kando ya barabara, maji maangavu kiasi kwamba unahesabu kokoto. Mlimani kuna kanisa. Mvua ikatushika, mlango ulikuwa wazi, ndani hamna mtu, tukaingia.

Mimi ni Mlutheri wa bati, feni na spika kubwa. Haya makanisa ya zamani nimekuwa nikiyapita kama navyopita nguzo za umeme. Hili lilinisimamisha. Upande wa kulia wa madhabahu kuna kaburi la jiwe jeupe. Juu amelala mama mmoja, viganja amevikutanisha kifuani, taji kichwani, malaika wamekaa kwenye mto wake. Ametulia, utadhani kapitiwa na usingizi baada ya ibada. Mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, amefungwa kitu kama mkanda. Chini yake ni sanduku lenyewe la kaburi, limezungukwa na malaika walioshika ngao.

Basi jamaa yangu akainama kufunga kamba ya kiatu. Akaruka nyuma: "Ala!" Nami nikainama. Karibu kabisa na sakafu kuna uwazi uliochongwa kama madirisha madogo, na ndani kuna MAITI. Ya jiwe, lakini ni maiti: mbavu zinahesabika, ngozi imegandamana na mifupa, nywele ndefu zimemwagika, sanda imefunguka.

Sasa huyo ni nani? Mtumwa wake? Adui yake? Na nani alikubali kitu kama hicho kiwekwe hatua chache kutoka mezani pa Bwana? Mkenya ameapa harudi. Mimi sijalala vizuri siku mbili.

MtuWaBuza

Mkuu hao ni wale wale tunaowasema kila siku. Ukiona maiti chini ya tajiri ujue kafara. Nywele ndefu, malaika wenye ngao, mkanda mkononi, unataka ishara gani tena? Rudi chuoni usome, achana na mambo ya watu.

BintiMagila

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, nikacheka peke yangu mpaka dereva akanitupia jicho kwenye kioo. Ile kamba ya kiatu imekufanyieni hisani. Wageni wengi wanampiga picha mama wa juu wanaondoka, hawajui kama chini kuna mtu.

Huyo wa chini ndiye huyo huyo wa juu. Ni mtu mmoja. Na ukihesabu vizuri yuko hapo mara tatu: juu ni sanamu yake na heshima zake zote, katikati sandukuni ni mwili wake wenyewe aliozikwa nao, chini ni sanamu yake akiwa maiti. Anaitwa Alice de la Pole, Duchess wa Suffolk, alifariki 1475. Geoffrey Chaucer, yule mshairi wa karne ya 14 ambaye Waingereza wanalazimishwa kumsoma shuleni, ni babu yake mzaa baba. Baba yake, Thomas Chaucer, amelala hatua chache tu kutoka hapo pamoja na mkewe Maud, kwenye kaburi lenye sanamu za bamba la shaba. Ewelme ilikuwa mali ya upande wa huyo Maud. Uangalie ukoo ulivyopanda: baba wa mshairi alikuwa muuza mvinyo London, mshairi akawa mtumishi wa wafalme, Thomas akawa Spika wa Bunge mara tano, na Alice akafika kuolewa na Duke. Vizazi vinne tu, kutoka pipa la mvinyo hadi taji.

Mimi kanisa hilo nimelijua kwa sababu ya kazi. Nahudumia wazee majumbani, vijiji vya huku, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilikuwa na bibi mmoja, Mungu ampumzishe, aliyekuwa kwenye orodha ya akina mama wa zamu ya maua kanisani. Zamu yake ikifika namfunga mkanda kwenye gari, kiti cha magurudumu nyuma, ndoo ya maua katikati ya miguu yake, maana haamini mtu mwingine aishike. Yeye anapanga maua, mimi nazurura. Siku moja akaniuliza kama nimeshamwona Alice. Nikajibu nimemwona, wa juu na wa chini. Akasema, "Bado. Lala chini."

Nikadhani ni yale mambo ya umri. Akarudia kwa sauti ya mwalimu mkuu, na kweli alikuwa mwalimu. Basi nikalala chali, na sare yangu ya kazi, kisogo kwenye vigae vya baridi ya kutisha, nikasogeza kichwa mpaka kwenye ule uwazi, nikawasha tochi ya simu. Nikammulika maiti. "Si yeye," bibi akasema, "juu yake!"

Kuna picha, mdogo wangu. Kwenye jiwe linalomfunika, upande wa ndani unaoelekea uso wa maiti, kumechorwa kwa rangi. Malaika Gabrieli anampasha habari Bikira Maria. Na wengine wawili: Maria Magdalena na Yohana Mbatizaji. Mtu aliyesimama hawezi kuwaona. Hata wewe uliyeinama hukuwaona. Fundi rangi aliingia kwenye nafasi ambayo hata paka angejibana, akachora watu wanne vizuri kabisa, kwa ajili ya mtazamaji mmoja, yule wa jiwe aliyelala chali kuwaangalia.

Bibi akauliza kutoka kitini, "Umeona?" Nikasema naam. "Haya, sasa nisaidie na haya mayungiyungi."

Kwa nini maiti kanisani? Karne ya 15 huku Ulaya wakubwa kadhaa walijichongea hivyo. Askofu Richard Fleming analo lake Lincoln, alikufa 1431. Askofu Mkuu Henry Chichele wa Canterbury alitengenezewa lake angali hai, akaishi miaka mingi akiingia kanisani na kupita pembeni ya maiti yake mwenyewe, mpaka alipofariki 1443. Wanaume ndio wengi. Mwanamke kukubali kuchongwa vile, mbavu nje, nywele zimetimka, ni jambo la nadra mno.

Na sababu yake si kutisha watoto. Wakati ule wote walikuwa Wakatoliki, na waliamini roho nyingi hazipandi mbinguni moja kwa moja, zinapitia toharani kutakaswa. Aliye hai anaweza kumpunguzia marehemu muda ule kwa sala. Kwa hiyo kaburi lilikuwa ombaomba. Linakukamata nguo: mimi nilikuwa hivyo juu, sasa niko hivi chini, nawe utakuwa hivi, niombee. Maandishi ya Kilatini ya kaburi la Alice yanaanza hivyo hivyo, "Ombeni kwa ajili ya roho ya". Sisi tuliolelewa Waanglikana wa Tanga, wa ubani na kengele, sala za marehemu si ngeni kwetu, ila hata mimi sikuwahi kufikiri mtu angejenga mtaa mzima kwa ajili hiyo. Maana ndivyo alivyofanya. Nitarudi jioni niimalizie, nasinzia.

MtuWaBuza, nawe usiondoke, uchawi wako upo. Ila si kaburini.

FundiChokaa

Assalamu alaikum jamaani. Mimi huko toharani siingii, si kwangu. Nataka kusema juu ya ukuta, maana naona watu wanazungumza habari za marehemu na nyumba yenyewe hakuna anayeitaja.

Nimefanya kazi miaka mingi kukarabati nyumba za mawe Mji Mkongwe, sasa niko huku na kampuni inayotengeneza majengo ya zamani. Ewelme nilikwenda mwenyewe siku ya mapumziko, nikitaka kuona gumegume. Lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo ndilo hilo gumegume lililotiwa kwenye bunduki za zamani litoe cheche. Ardhi ya kule ni chaki, na chakini ndimo gumegume linamolala, vipande vipande. Fundi analipasua, uso wa ndani anauelekeza nje. Pale baadhi ya kuta wamepanga mraba wa gumegume, mraba wa jiwe jeupe, kama ubao wa drafti. Kazi ya kifahari ile, ya mwenye fedha na haraka hana. Gumegume halinywi maji, kwa hiyo chokaa haliling'ang'anii vizuri, na huwezi kulichonga likakupa kona. Kona zote lazima ununue jiwe lingine kutoka mbali. Ukiona kona nzuri kwenye jengo la gumegume, pale ndipo pesa ilipokwenda.

Mnara ni wa zamani zaidi, karne ya 14. Wameuacha, wakajenga upya kanisa lililobaki, miaka ya 1430. Umbo lake ni lile la kunyooka: madirisha mapana, mihimili myembamba ya jiwe inapanda wima mpaka juu ya tao bila kupinda, paa si la mwinuko mkali, na kati ya wanapokaa watu na upande wa madhabahu hakuna tao la kutenganisha. Unaingia mlangoni jicho linafika mwisho bila kikwazo. Si desturi ya pande zile. Duke alikuwa mtu wa Suffolk, mashariki huko, na wajuzi wa majengo wanaona alikuja na mtindo wa kwao.

Kijana, lile jiwe jeupe la kaburi si marumaru. Ni alabasta, na alabasta ya Uingereza ni jasi. Jipsamu! Ile ile ya dari za sebuleni kwenu, inayochimbwa hata Makanya. Walikuwa wanaichimba Derbyshire na pande zile. Ikiwa mpya inakatika kwa kisu kama sabuni ya mche, ndiyo maana mchongaji aliweza kutoa nywele moja moja na mishipa ya shingo. Lakini mvua inaila, hivyo haikai nje, na ukucha unaikwaruza. Makaburi mengi ya alabasta huku yamejaa majina ya wapumbavu waliopita. Tazama kwa macho.

Kitu kilichonikalisha chini mimi ni kifuniko cha birika la ubatizo. Mti wa mwaloni, kama meta 3 kwenda juu, matao juu ya matao yanapungua mpaka kileleni alikosimama Malaika Mikaeli. Mnara ndani ya nyumba. Unainuliwa kwa kamba na uzito wa kusawazisha, na huo uzito, ambao fundi mwingine angetundika jiwe tu akaenda kula, wameuchonga ua la waridi.

BintiMagila

Fundi ahsante, hapo pa birika ndipo pa MtuWaBuza. Unajua kwa nini mabirika yale yana vifuniko? Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury aliamuru mwaka 1236 kwamba yafungwe kwa kufuli, kwa sababu watu walikuwa wanaiba maji ya ubatizo kwenda kufanyia uchawi. Kwa hiyo ulikuwa umekaribia, ila ulikosea upande wa kanisa.

Sasa nimalizie ya Alice. Mume wake wa tatu, William de la Pole, ndiye aliyejenga naye. Mwaka 1437 walipata kibali cha Mfalme Henry wa Sita waanzishe nyumba ya maskini. Mdogo wangu, ulipotoka kanisani, je, ulipita mlango wa magharibi, chini ya mnara? Kuna ngazi kali inateremka, na ukifika chini uko ndani ya ua mdogo wa mraba wenye baraza pande zote. Ndiyo nyumba yenyewe. Wazee kumi na watatu, kila mmoja na makazi yake, chumba cha chini na cha juu. Kuta ni mbao na matofali ya kuchoma, na matofali yamepangwa mshazari kama mifupa ya samaki. Zama hizo tofali lilikuwa kitu kigeni upande ule.

Wazee wale kazi yao ilikuwa moja: kupanda ngazi hiyo kila siku, zaidi ya mara moja, kwenda kusali kwa ajili ya mfalme na roho za waanzilishi. Kile kikanisa cha pembeni alikozikwa Alice, chenye jina la Yesu kwa herufi tatu lililorudiwa ukutani mara zisizohesabika na malaika wa mbao waliokunjua mabawa darini, ndimo walimokuwa wakisalia. Mapadre wawili waliwekwa: mmoja asimamie wazee, mwingine awafundishe watoto bure, na shule ikajengwa chini hapo hapo. Ukisimama barabarani unaona mpangilio wote: kanisa juu, wazee katikati, watoto chini.

Kuhusu ule mkanda mkononi. Ni alama ya Garter, kundi la heshima la mashujaa wa mfalme lililoanzishwa na Edward wa Tatu mnamo 1348 hivi. Wanaume wanaufunga chini ya goti la kushoto. Mwanamke afunge wapi na gauni refu? Husimuliwa kwamba Malkia Victoria aliposhika kiti na swali hilo likamkabili, watu walitumwa Ewelme kumtazama Alice. Amefunga mkononi, basi ikawa mkononi. Mwanamke mwingine mwenye mkanda kama huo yuko Oxfordshire hiyo hiyo, kanisa la Stanton Harcourt.

MtuWaBuza

Sawa dada, nimeyapokea ya birika. Lakini mimi nauliza kwa uungwana: tofauti iko wapi? Tajiri analipa maskini kumi na watatu wamwombee. Si amenunua sala? Na nyie mnamsifu.

BintiMagila

Simsifu. Nami niliwahi kumwuliza bibi swali hilo hilo, tena kwa hasira, maana siku hiyo nilikuwa nimefanya zamu mbili na malipo ya saa za ziada hayajaingia. Akanijibu, "Ndiyo, aliinunua. Je, alilipa?" Nikabaki nimeshika makasi ya maua.

Alice hakuwa malaika. Aliolewa mara tatu, na wa pili, Earl wa Salisbury, alikufa 1428 kwa jeraha la mzinga wakati Waingereza wameuzingira mji wa Orléans. William naye aliichukiza nchi kwa jinsi vita vya Ufaransa vilivyoharibika. Mwaka 1450 alikamatwa baharini akienda uhamishoni, wakamkata kichwa ndani ya mashua kwa upanga wenye kutu, mwili wakautupa ufukweni Dover. Alice akabaki mjane mwenye mashamba na maadui, na hakuachia hata shamba moja. Kuna barua za familia ya Paston wa Norfolk, majirani waliogombana naye kwa miaka. Mwaka 1465 watu wa mwanawe, Duke kijana, waliivamia nyumba ya Paston pale Hellesdon, wakaibomoa, wakapora mpaka kanisa la kijiji. Mtu anayeiogopa toharani kiasi kile huwa ana sababu zake.

Ila nikueleze kilichotokea kwa ile sala aliyonunua. Mwaka 1547 serikali ilipiga marufuku mashirika ya kuwaombea marehemu, ikachukua mali zao. Toharani ikafutwa kwa amri. Ewelme ikanusurika kwa sababu ilikuwa na wazee na watoto wa kuonyesha. Ukoo wenyewe tayari ulikuwa umefyekwa: mjukuu wake mmoja aliuawa vitani 1487, wa pili akakatwa kichwa 1513, wa tatu akafia Pavia, Italia, 1525. Kijiji kikaenda kwa mfalme. Mwaka 1617 James wa Kwanza akaamua kwamba msimamizi wa wazee wa Ewelme awe profesa wa tiba wa Oxford, ndiyo sababu William Osler, daktari maarufu kutoka Kanada, alipopewa kiti hicho 1905 alijikuta pia na wazee wa Alice mikononi, akawapenda. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa Bunge walipokuwa wanavunja sanamu na vioo kila kanisa, husemwa kanali mmoja wa upande huo huo, Francis Martyn, mwenyeji wa hapo, ndiye aliyewazuia wasiliguse. Naye amezikwa humo humo.

Leo wazee bado wanakaa kwenye ule ua. Makazi yameunganishwa yakawa machache na mapana zaidi, bomba la maji ya moto limo. Shule bado ni shule ya msingi ya kijiji, ya serikali, si ya kulipia. Ukiwa kanisani saa za mapumziko unasikia makelele ya watoto yanapanda mpaka kwa Alice. Hakuna anayemwombea kwa mkataba. Bibi yangu alikuwa anamwekea chombo kidogo cha maua kando, sakafuni, upande wa maiti na si wa juu. Nilipomwuliza sababu akasema wa juu ana malaika wa kutosha.

Jibu lako sina, kaka. Alinunua, na risiti bado ipo.

FundiChokaa

Niongeze moja kwa anayetaka kwenda. Zile mbao za uzio kati ya watu na kikanisa, angalia vizuri vijiti vyake vya kusimama. Ni chuma, si mbao. Mtu wa karne ya 15 aliona chuma kitampa wembamba ambao mbao ingekataa. Nilivigonga kwa ukucha mara tatu ndipo nikaamini.

MtuWaBuza

Fundi umesema tusikwaruze.

FundiChokaa

Alabasta. Chuma nimegonga kidogo tu.

MwanafunziBaridi

Wakuu, nimerudi. Namaanisha nimerudi Ewelme, jana, peke yangu. Mkenya alikataa, nikamwambia basi nipe baiskeli yako, ina taa nzuri.

Nilimkuta mzee mmoja anafagia karibu na mlango. Nikazunguka kwanza kinafiki, nikatazama birika, nikatazama waridi la mbao (fundi, una haki), nikatazama Thomas na mkewe kwenye shaba. Nikamsubiri mzee aende. Haendi. Anafagia pale pale. Mwishowe nikaona liwalo na liwe, nikaweka mkoba chini, nikalala.

Mzee akaacha kufagia. Nikasikia hatua zinakuja, nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi. Hakusema kitu. Aliondoka, akarudi na ule mto wao mgumu wa kupigia magoti, umetariziwa, akaniingizia chini ya kisogo kama muuguzi. Kisha akaendelea na ufagio wake.

Nimewaona, dada. Wote wanne. Ilinichukua muda kwa sababu kwanza nilimulika vibaya, mwanga ukarudi machoni. Halafu nikauteremsha taratibu kutoka pembeni, Gabrieli akatokea. Na kitu ambacho hukusema: ukiwa umelala pale, uso wa maiti uko karibu na wako kuliko ule wa abiria mwenzio kwenye daladala, na huogopi hata kidogo, maana hakuangalii wewe. Anaangalia zile picha. Nikajikuta nami naangalia anakoangalia.

Nilipotoka nilishuka ile ngazi ya magharibi. Uani kulikuwa na soksi zimeanikwa dirishani.

BintiMagila

Umenitoa machozi na niko zamu, mjinga wewe. Vigae vile vinaleta mafua ya wiki mbili. Ulivaa sweta?